Pinga: Viza gani kwa mwandishi asiye na mwajiri?

Tangu niseme hewani kwamba nimealikwa Nairobi kwa semina ya waandishi wa redio za vijijini, sipiti sokoni bila kusimamishwa. Swali ni lile lile: "Utaingia na viza gani?" Wengi wanauliza kwa kutaka kujua tu. Lakini kuna watu wa aina mbili ambao kwao swali hili ni zito, na ni kwa ajili yao naandika. Wa kwanza ni vijana wenzangu wanaotuma sauti na picha kwa redio na magazeti ya nje bila mkataba wa kudumu, wale tunaowaita pijiste. Pijiste analipwa kwa kila ripoti, na mwezi usio na ripoti hauna unga. Wa pili ni familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, zenye mtoto Nakivale, kaka Kakuma, shangazi Nairobi, zinazofikiri kwamba njia nitakayopita mimi inaweza kuwa njia yao pia. Nitawajibu wote, ila si kwa jibu moja.

Tuanze na pasipoti, kwa sababu bila pasipoti mambo ya viza ni hadithi tu. Kadi ya mpigakura inatutosha kupita vizuizi vya barabarani kati ya Masisi na Walikale. Waliozoea kuvuka Goma kwenda Gisenyi walitumia kile kikaratasi cha mpakani, jeto, au karatasi ya CEPGL, jumuiya iliyoundwa mwaka 1976 kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Karatasi hizo zinakuvusha mpaka mmoja kwa siku chache. Nairobi hazikufikishi. Pasipoti yetu ya kibayometriki ilipoanza mwaka 2015 iliuzwa dola 185, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kati ya pasipoti za bei ghali zaidi duniani. Bei imeshuka tangu hapo, lakini nauli ya kuifuata haijashuka. Pinga hatuna mahali pa kupigwa picha na alama za vidole kwa ajili ya pasipoti. Na tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafungwa, mtu wa upande wetu anayetafuta ofisi ya serikali analazimika kuzunguka, ama kwa Lubero na Butembo, ama kwa Walikale mpaka Kisangani. Mimi niliipata yangu kabla ya vita kufika mjini. Sikuwa mjanja kuliko wengine, ni tarehe tu zilizonisaidia.

Sasa viza. Hapa ndipo watu wengi wanafurahi mapema. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 Kenya iliacha kuwadai Wakongomani viza. Tanzania nayo imeondoa viza kwetu. Basi kijana mmoja aliniambia: "Yaya, wewe unaandika kurasa nzima juu ya viza, na hakuna viza! Panda basi, fika." Anachosema ni kweli kuhusu mlango. Lakini kufunguliwa mlango si kuruhusiwa kufanya kila kitu ndani ya nyumba. Muhuri unaogongwa kwenye pasipoti ya mgeni ni wa kutembea: kuona ndugu, kuhudhuria mkutano, kununua vitu, kutibiwa. Kufanya kazi ni jambo jingine, lina kibali chake. Na kazi yetu ina ubaya wake: haionekani kama kazi. Fundi seremala akikutwa na randa mkononi, kila mtu anajua anafanya nini. Mwandishi anakunywa chai na watu, anauliza maswali, anaandika. Mpaka mtu fulani aseme kwamba hiyo ilikuwa kazi.

Kisa ninachowasimulia vijana kila mara ni cha Dar es Salaam. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2018, maafisa waliojitambulisha kuwa wa uhamiaji waliingia hotelini kwa Angela Quintal, raia wa Afrika Kusini, na Muthoki Mumo, raia wa Kenya. Wote wawili walikuwa wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, shirika lenye makao New York, lililokuwa likiuliza, pamoja na mambo mengine, habari za Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyetoweka Tanzania Novemba 2017. Walinyang'anywa pasipoti, wakatolewa hotelini, wakahojiwa kwa saa nyingi, kisha wakaachiliwa na kuondoka nchini. Serikali ilipoulizwa sababu, haikutaja Gwanda. Idara ya uhamiaji ilisema kwamba wageni hao waliingia kwa kibali cha matembezi, halafu wakafanya mikutano na waandishi wa habari, jambo lisilolingana na kibali chao.

Kila mtu ana haki ya kufikiri kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Mimi naona sheria ya viza ilitumiwa kama fimbo. Lakini tazameni fimbo yenyewe: maneno ya kwenye kibali upande mmoja, shughuli ya mtu upande mwingine, na nafasi iliyobaki katikati. Tazameni pia kwamba mmoja wao alikuwa Mkenya, raia wa Jumuiya hii hii ya Afrika Mashariki tunayoisifu. Uraia huo ulimfungulia mpaka, haukumwokoa hotelini. Hapo nilielewa kwamba "hatuhitaji viza" si jibu kwa mwandishi.

Nao wa kujitegemea wanaumia zaidi kwa sababu hakuna wa kuwapigia simu. Mwaka 2011, Martin Schibbye na Johan Persson, Waswidi wawili wasio na mwajiri wa kudumu, waliingia Ethiopia kutoka Somalia pamoja na waasi, bila kibali chochote. Walihukumiwa kifungo cha miaka 11. Wakasamehewa Septemba 2012, baada ya zaidi ya mwaka gerezani. Sisemi walikuwa na njia nyingine ya kufika walikotaka kufika. Huenda hawakuwa nayo. Nasema tu kwamba walijua bei kabla ya kwenda, na kijana wa Pinga anayepewa dola 20 kwa ripoti anapaswa kuijua pia.

Tena jambo hili sisi tumeliona kutoka upande wa pili. Waandishi wa nje wanapokuja huku kwetu kutafuta habari za vita, mara nyingine mimi huwaongoza. Yule aliyepitia Kinshasa akapata kibali cha wizara ya mawasiliano, tukifika kwenye kizuizi anatoa karatasi, wanaisoma, wanaigeuza, wanaomba ya soda, tunapita. Yule aliyekuja kama mtalii na kamera kubwa begani, maswali yake hayaishi: mtalii gani anakuja Masisi wakati watu wanakimbia? Anayeachwa kujibu baadaye, mgeni akishapanda ndege, ni mimi ninayeishi hapa. Kwa hiyo nikienda kwa watu, sitaki kumwachia mwenyeji wangu mzigo huo.

Turudi kwenye safari yangu ya Nairobi. Barua ya kwanza ya mwaliko ilisema "mgeni wetu". Nilimwandikia aliyenialika, kwa heshima, nikamwomba aandike vizuri: semina siku tano, nani analipa nauli na chumba, na kwamba sitapokea mshahara Kenya. Kwa hilo, kuingia kama mgeni kunatosha. Lakini nilikuwa na nia ya pili. Nilitaka, baada ya semina, kubaki siku nne na kurekodi Wakongomani wa kwetu wanaoishi Nairobi, wafanyabiashara wa vitenge, washonaji, waimbaji wa kanisani, ili sauti zao zisikike huku. Hiyo si semina tena. Hiyo ni kazi ya kukusanya habari katika nchi ya watu, na Kenya ina taratibu zake: Baraza la Habari la Kenya, lililo chini ya sheria ya mwaka 2013, ndilo linalowaandikisha waandishi, wa ndani na wa nje, na idara ya uhamiaji ina kibali maalumu kwa kazi ya muda mfupi. Anayeomba anahitaji chombo cha habari kinachosema: huyu ni wetu, anakuja kufanya hiki, kuanzia siku hii mpaka siku hii. Pijiste ndipo anapokwama, maana yeye si wa mtu.

Mwezi Oktoba 2024 Kenya ilitangaza kibali kipya kwa watu wanaofanya kazi za mbali kwa kompyuta huku wakilipwa na nchi nyingine. Niliposikia nilisimama. Hicho ni sisi kabisa! Kisha nikasikia kipato kilichotajwa siku ile: kisichopungua dola 55,000 kwa mwaka. Nilichukua kalamu. Kwa ripoti ya dola 20, ni ripoti 2,750 kwa mwaka, zaidi ya saba kila siku, Jumapili na Krismasi pamoja. Hata Pinga haina habari nyingi kiasi hicho, ashukuriwe Mungu.

Kwa hiyo nilifanya kilichobaki: niliomba barua kutoka kwa redio yetu, na barua mbili kutoka kwa wahariri wa nje walionunua ripoti zangu. Msione haya kuomba. Mhariri anayekutumia ujumbe saa nne usiku akitaka sauti kutoka kwenye mapigano hawezi kushindwa kuandika mistari mitano mchana. Mmoja alijibu siku hiyo hiyo. Mwingine alisema kampuni yake haiandikii barua watu wasio waajiriwa. Nimemkumbuka hivyo.

Ulaya na Marekani nitazipitia kwa haraka, maana wengi wetu hatutafika huko mwaka huu, lakini simu zinaulizia. Viza fupi ya Schengen inatoa siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, na hazirudi ukikataliwa. Unahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 na pasipoti itakayodumu angalau miezi mitatu baada ya siku yako ya kutoka. Marekani ni dola 185, nazo hazirudi. Pale waandishi wana viza yao yenye herufi I, na pijiste anaweza kuipata ikiwa ana mkataba na chombo cha habari. Viza ya B, ya matembezi na biashara, haimruhusu kukusanya habari hata kwa wiki moja. Ila mwandishi anayekwenda tu kuketi kwenye mkutano, asiripoti chochote, anaweza kwenda na B. Mnaona? Ni tofauti ile ile ya semina yangu na siku zangu nne. Uingereza wao wamelegeza: mgeni wa kawaida anaweza kukusanya habari kwa ajili ya chombo cha nje mradi malipo yake yanatoka nje. Kila nchi na lugha yake, ndiyo maana msikubali ushauri wa mtu aliyesafiri kwenda nchi nyingine. Na msimpe komisionere pesa ya "barua ya mwaliko" kutoka kwa shirika ambalo hamjawahi kuongea nalo. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, jina lako ndilo linalobaki kwenye faili, la komisionere halimo.

Sehemu ngumu kuliko herufi za viza ni swali la nyuma yake. Afisa wa ubalozi anataka kujua kitu kimoja: nini kitakurudisha nyumbani? Mfanyakazi wa ofisi anaonyesha mkataba na hesabu ya benki. Pijiste anaonyesha nini? Na mtu aliyehama makwao anaonyesha nini? Shamba letu lipo, lakini halina hati, na tangu vita hatulilimi. Nyumba ina mlango uliovunjwa. Ng'ombe wa baba walikwenda na watu tusiowajua. Kaka yangu mkubwa alinishauri nisitaje kabisa kwamba tulihama, niandike "mfanyabiashara", niseme nina duka. Anafanya hivyo kwa kunipenda. Lakini mtu yeyote akitafuta jina langu kwenye intaneti atakuta ripoti zangu, sio duka.

Nilichokusanya ni hiki: kadi yangu ya chama cha waandishi, UNPC. Barua ya redio inayotaja siku ya kurudi kazini. Orodha ya malipo niliyopokea kwa simu, mwezi kwa mwezi, hata ile miezi ya sifuri. Cheti cha ndoa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hivi vya mwisho nawaambia akina mama wote wanaosoma au kusomewa hapa, hata kama hamna mpango wa kusafiri: mtoto akiandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, ni bure. Zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na mahakama iko mbali na ina gharama. Najua wengi walizaa njiani, porini, kwenye darasa la shule. Tunzeni hata kile kikaratasi cha kituo cha afya. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia, mipakani wanaiuliza.

Sasa neno kwa familia zinazoniambia chini kwa chini: "Ukifika huko, usirudi." Naelewa. Lakini mtu anayekimbia vita hahitaji viza ya semina ili aombe ulinzi. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 31, unasema mkimbizi anayetoka moja kwa moja mahali pa hatari hataadhibiwa kwa kuingia bila karatasi, mradi ajitokeze kwa wakuu bila kuchelewa na aeleze sababu. Ndivyo maelfu ya watu wetu walivyopokelewa Uganda na kupelekwa Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja. Mkataba huo huo, kifungu cha 28, unazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi, na wenye ndugu kambini wawaulize juu yake. Kinachoharibu ni kuchanganya njia: mtu aliyeandikishwa mkimbizi, kisha akachukua pasipoti ya Kongo na kurudi Kongo kwa biashara, anaweza kupoteza ulinzi wake, kwa sababu ameonyesha kwamba serikali yake inamlinda. Wako waandishi waliokimbia baada ya kutishiwa, na hakuna wa kuwalaumu. Siku nitakayotishiwa vile na mimi nitakimbia, na nitasema nimekimbia. Leo naenda kazini.

Barua zangu zimekwenda Nairobi wiki tatu zilizopita. Za semina zimekamilika. Kibali cha kurekodi bado hakijafika, na naondoka Jumatatu kwa njia ya Butembo na Kasindi. Kisipofika, nitahudhuria siku tano, kinasa sauti kitabaki begini, nami nitageuza.

Mwenye kuumizwa na uamuzi huu ni mama mmoja tuliyehifadhiwa naye kwenye boma moja mwaka jana. Mtoto wake wa kiume anashona nguo Nairobi, na alikuwa anangoja kumsikia kwenye kipindi chetu cha jioni, yeye na majirani wote, redio ikiwa katikati. Nilikwenda kumweleza. Nilidhani atakasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea mfuko wa maharagwe mekundu ya kumpelekea.

"Mwanangu, kumsalimia hawakukatazi?"

"Hapana, mama. Kusalimia ni matembezi."

"Basi msalimie. Mwambie apige mwenyewe, simu ya jirani ina chaji siku za soko. Na umwangalie vizuri kama amekonda, uje uniambie kwa mdomo."